Springi za Kwenda Kitunda

Swaumu alikwenda Kitunda kumuuguza mama yake mvua zilipoanza, na mvua hizo hizo zikamfungia njia ya kurudi. Mumewe Lukumani, fundi wa magari pale Tabora mjini, akabaki peke yake. Jioni akiinjika ugali alijikuta ametia maji ya watu wawili.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, muda si mrefu baada ya Vita vya Pili. Njia ya zamani ya misafara kuelekea kusini, hadi Kitunda, ilikuwa tope jeusi, na hakuna lori lililothubutu kuipita. Ndipo Mzee Bundala, mnunuzi wa asali na nta, alipoleta Landrova yake. Alikuwa ameiinua kwa vipande vya chuma na kuivika matairi makubwa ya gari la jeshi, lakini springi aliziacha zile zile kuukuu.

"Fundi, inaruka kama mbuzi," alilalamika. "Nikikata kona inataka kulala. Na asali yangu imekwama Kitunda."

Lukumani aliweka spana chini.

"Nitaitengeneza, mzee. Ila siku ya safari na mimi nimo."

"Hata usingeomba ningekuchukua. Nani atanikwamua?"

Akaingia uvunguni. Aling'oa vile vipande, akafunga springi ndefu zenye mabamba mazito alizozitoa kwenye mabaki ya malori ya vita. Shokomzoba zilikuwa fupi mno kwa gari lililoinuliwa, akaweka ndefu. Mpira wa breki nao ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo, akaubadilisha. Kila alipokaza nati alimwona Swaumu akijifunga kanga kiunoni, akimcheka jinsi mikono ilivyomchafuka.

Walifika Kitunda siku ya pili, mchana. Mama mkwe alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemfuata mkeo?"

Lukumani alimvutia shuka begani. Swaumu, aliyekuwa amekonda, akamtoa nje.

"Siwezi kumwacha, mume wangu. Hali yake umeiona. Kaa na sisi."

"Mzee anarudi kesho kabla mto wa njiani haujajaa. Na magari ya watu yamelala karakana."

Swaumu hakubishana. Alimshika mkono, akaanza kumfuta grisi kwa pindo la kanga, kidole baada ya kidole, polepole, kama asiyetaka kumaliza.

Asubuhi madebe ya asali yalipakiwa, wakaondoka. Mtoni maji yaligonga milango. Lukumani alisikia springi zikijikunja na kunyooka bila kelele, matairi yakauma mchanga, gari likapanda ng'ambo bila kuyumba.

"Mikono yako ibarikiwe, fundi!" Bundala alishangilia.

Lukumani aligeuka kutazama nyuma. Miti ya miyombo ilikwisha kuifunika njia ya Kitunda. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ufundi, alitamani gari alilolitengeneza kwa mikono yake likwame.