Shemeji na Tangi Lisilo na Mchanga

Zamani mtu aliyetaka dirisha alisimama mbele ya meza ya fundi akaona kioo kikikatwa kwa kipimo cha nyumba yake. Siku hizi dirisha linatoka kiwandani limezungushiwa nailoni, na fundi akisogea karibu anaulizwa kama amekuja kuomba kazi ya ulinzi.

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, alikata vioo miaka arobaini na miwili. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, kopo la mafuta ya taa ya kulowanishia kikatio, na rafu ambazo vioo vilisimama wima kama vitabu. Kikatio alikipitisha mara moja tu. Ukirudia, alisema, umeharibu. Kilitoa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, kisha anagonga kidogo kwa chini, na kipande kinaachia. Sijaona tena mtu anayefanya jambo mara moja likawa limekwisha.

Kazi ya madirisha ilipokufa, akageukia matangi ya samaki. Si kwamba aliwapenda samaki. Nilimwuliza siku moja, akanitazama kama mwenye nyumba anayeulizwa kama anawapenda wapangaji. Alichopenda ni tangi lenyewe: pembe zilizokutana sawasawa, gundi ya silikoni iliyonyooka kama uzi, maji yasiyo na pa kutokea. Mambo ya maji ya chumvi alijifunza kwa kukosea, na katika kukosea kwake akabaki na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa. Mchanga haulali ndani ya tangi lake. Chini ni kioo kitupu, mawe yameketi juu ya kibao chembamba cha plastiki, basi.

"Mchanga ni zulia," aliniambia. "Watu wanalipenda zulia kwa sababu linaficha. Kinyesi kinazama, chakula kinaoza, na wewe juu unaona pazuri. Mimi nataka asubuhi nione kilichoanguka, nikinyonye kwa mpira, yaishe."

Binti yake, yaani mpwa wangu, ni daktari wa meno. Alipofungua kliniki ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, alimwomba baba yake amtengenezee tangi la maji ya chumvi la chumba cha kungojea, ili watoto wapate cha kutazama badala ya kusikiliza mashine ya kutoboa. Mimi nilijua shida yake haikuwa samaki. Tangu mama yake afariki, mzee alikuwa hatoki, hali vizuri, na wakikutana hawana la kuzungumza ila bili ya umeme. Binti alitaka baba yake apate sababu ya kuja kila siku. Hao ndio wawili waliobaki wa nyumba ya dada yangu, na mwaka ule hakuna kitu nilichokitaka kuliko tangi lile lisimame.

Shemeji alilipokea lile ombi kama mtu aliyekumbukwa. Alikata vioo vya milimita kumi, mita moja na robo kwa urefu, akaunganisha, akaacha gundi ikauke siku saba. Watu wangengoja siku mbili. Akalijaza maji ya bomba wiki nzima huku ametandika magazeti chini yake, akija kuyapapasa kwa kiganja kama mama anayepapasa paji la uso wa mtoto. Halafu ndipo likapandishwa kliniki, chumvi ikakorogwa kwenye pipa, mawe yakapangwa, na pampu mbili zenye nguvu zikaelekezwa sakafuni ili uchafu usipate pa kutulia. Kisha akasema samaki hawaingii mpaka mwezi na nusu upite, maji yakomae.

Mwezi na nusu kliniki ilikuwa na sanduku la maji na mawe.

"Daktari, samaki wenu wako likizo?" aliuliza mgonjwa mmoja, shavu limemvimba upande mmoja.

"Wanangoja zamu kama wewe," alijibu shemeji bila kugeuka, mpira wa kunyonyea uko mkononi.

Binti alivumilia, ila alianza kuukazia macho ule utupu wa chini. "Baba, tuweke mchanga kidogo tu. Watu wanadhani hatujamaliza."

"Wewe daktari wa meno, halafu unataka uchafu upate pa kujificha?"

"Hata meno yana fizi, baba."

"Na fizi ndizo zinazokupa wateja."

Nilicheka, wakacheka na wao, nikarudi nyumbani moyo wangu mwepesi. Ningejua, ningewaambia wamalize neno hilo siku ileile.

Muda ulipotimia, mpwa wangu alikwenda mwenyewe kwa muuza samaki akachagua, bila kumwuliza mtu. Alirudi na samaki mwembamba wa manjano, urefu wa kidole cha kati, mzuri kweli. Jioni ya kwanza, taa zilipozimwa, yule samaki akaanza kupiga pua yake kwenye sakafu ya kioo. Anashuka, anagonga, anapanda, anashuka tena. Asubuhi walimkuta amejibana chini ya jiwe, mdomo umechubuka.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini vitabu sikuviacha. Nilikuwa na kimoja cha viumbe wa baharini, jalada limekatika, nikakipekua nikamkuta. Samaki wa jamii ile hulala ndani ya mchanga. Jua likizama anajichimbia, asubuhi anatoka. Bila mchanga hana kitanda. Nikakichukua kitabu mpaka kliniki.

"Kimeandikwa lini hicho?" aliuliza shemeji.

"Wakati wewe bado unakata vioo vya watu."

"Basi samaki wa leo atazoea. Mbona sisi tumezoea mengi."

"Hatazoea, baba," alisema binti. "Atakufa mbele ya watoto."

"Ungeniuliza kabla ya kumnunua."

"Ningekuuliza, ungeniletea jiwe jingine."

Hapo niliingilia. Niliona dawa waziwazi, ndogo, ya kumtia mtu aibu kwa urahisi wake. Chukueni bakuli pana la kioo, tieni mchanga vidole vinne, likae kwenye kona nyuma ya mawe. Samaki apate kitanda, na sakafu nzima ibaki tupu ya kunyonywa kila asubuhi.

Shemeji akatikisa kichwa. "Mchanga wa bakuli nao ni mchanga, shemeji. Leo bakuli, kesho karai."

Nikamgeukia mpwa wangu. Akakunja uso. "Mjomba, bakuli ndani ya tangi? Wagonjwa watadhani tumesahau kutoa vyombo."

"Kwa hiyo mnakubaliana," nikasema.

Nimeishi kuona watu wakigombania mashamba, mirathi, wanaume na wanawake. Sikutarajia kuona bakuli likikataliwa na pande zote mbili kwa bidii namna ile.

Jumamosi iliyofuata, mzee akiwa kwenye maziko ya fundi mwenzake, binti aliagiza mifuko mitatu ya mchanga mweupe kutoka kwa yule muuza samaki. Wahudumu wa mapokezi wakauosha mfuko mmoja, miwili wakaimwaga kama ilivyokuja. Zile pampu mbili, zilizoelekezwa chini kwa ajili ya sakafu tupu, zikaukamata. Nilikuta maji yamekuwa kama ya chokaa, mchanga unazunguka kama upepo wa kiangazi, nusu yake umelundikana kona moja na nusu bado unaruka. Mhudumu mmoja alikuwa na sumaku ya kusafishia kioo, kipande kimoja ndani ya tangi na kingine nje, akiisugua juu chini ili wateja waone ndani. Chembe za mchanga zilikuwa zimenasa kati ya sumaku na kioo. Kila alipopitisha, aliacha mstari.

Nilimwambia aache. Alikuwa ameshamaliza upande wote wa mbele.

Jumatatu maji yalikuwa yametulia kidogo, na samaki alikuwa mzima. Kwenye ule mlima wa kona alikuwa amejichimbia, kichwa tu nje, mdomo umeanza kupona. Binti alikuwa anamtazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu msiba. Ndipo baba yake akaingia.

Hakumtazama samaki. Alichuchumaa mbele ya kioo, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wagonjwa wawili walikuwa wamekaa, mmoja akavuta miguu yake nyuma kama anampisha.

"Baba, tazama," alisema binti. "Amelala. Amepata pa kulala."

"Nimeona."

"Hujaona. Unatazama kioo."

"Ndicho nilichokuletea."

Kila mmoja alikuwa na haki. Ndilo lililoniudhi na linaniudhi mpaka leo. Zamani watu wawili wakiwa na haki, mmoja alijifanya amekosea ili chakula kiliwe. Siku hizi haki inashikwa kwa mikono miwili, na njaa inabaki.

Shemeji alisema analirudisha tangi lake nyumbani, na binti hakumbishia. Alhamisi muuza samaki alikuja kumchukua yule wa manjano ndani ya mfuko uliotiwa hewa. Shemeji alinyonya maji, akachota mchanga kwa kopo, akafunga mawe kwenye magazeti. Mimi nilikuwa nimeingia kuaga, kwa kuwa mwanangu alikuwa ameniita nikaishi kwake, mbali. Mlinzi wa jengo alitaka kusaidia kushusha tangi, mzee akakataa. Hakumwamini mtu asiyejua kushika kioo. Ndipo binti akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye mlango, akashika upande wa pili. Alikulia kwenye karakana ile. Viganja viliingia chini ya kioo vyenyewe, mgongo ukanyooka, bila kuelekezwa.

Nilisimama juu ya ngazi nikawatazama wakishuka, yeye mbele kwa kinyumenyume, baba juu yake, kioo kitupu katikati.

"Kona," alisema baba.

"Nimeiona."

"Inua kidogo."

"Hivi?"

"Hapo hapo."

Walipinda kwenye ngazi ya chini wakapotea. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, kisha viatu vya binti vikipanda kurudi kazini, peke yake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona pamoja.