Kitanda Kisichopanda Ngamia

Mama alikikataa kitanda changu siku ile ile nilipomwonyesha. Kilikuwa cha mbao, kizito, nami nilikiweka katika chumba cha pili cha nyumba yangu hapa Garissa, nikatandika shuka mpya, nikajiona binti mwema kupita kiasi. Akakishika mguu, akakitikisa, akacheka. "Hiki kitapanda ngamia gani?" akaniuliza. Maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu kisichoweza kufungwa juu ya ngamia, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Kesho yake akarudi kijijini.

Ila magoti yake yalikuwa yamechoka. Kijiji chetu kiko ndani kidogo, mbali na barabara ya Liboi, na watu wake hufuata malisho popote mvua inaponyesha. Mama hakuweza tena kuwafuata. Kubaki nako kulikuwa shida, maana watu wakiondoka huondoka na punda, na bila punda hakuna wa kuleta maji kutoka kisimani. Kila walipohama ilibidi nimlete mjini, akae dirishani siku nzima akizitazama tuktuk kwa uso wa mtu aliyefungwa.

Kwa hiyo kaunti ilipotangaza ruzuku ndogo za kuendeleza vijiji, mimi sikulala. Nauza maziwa ya ngamia sokoni, mdomo ninao, na kijiji kikanifanya katibu wa kamati. Tukaomba barkad, lile birika linalochimbwa ardhini na kujengwa kwa saruji, likusanye maji ya mvua. Wazee walikuwa wakifikiria mifugo. Mimi nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja tu, na sioni kosa lolote hapo. Maji ni yale yale.

Sharti lilikuwa moja: afisa wa miradi afike, akutane na wakazi mahali pao, awaone kwa macho yake. Asipowakuta, ruzuku inakwenda kijiji kingine. Siku ikapangwa katikati ya ukame, kila mtu akiwa nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza itakuwaje mvua ikinyesha.

Mvua ikanyesha, tena mbali, upande wa pili kabisa. Ningeweza kujua kwa maziwa, kwa sababu yalianza kunifikia mengi na kwa gari la njia nyingine. Lakini mfanyabiashara akipata maziwa mengi haulizi maswali, anashukuru Mungu na kuosha mitungi.

Siku ya ukaguzi nilifika na afisa, kijana mpole kutoka bara, tukakuta kijiji hakipo. Zile nyumba zetu za fito na mikeka zilikuwa zimevunjwa na kupakiwa zote. Palibaki maboma ya miiba, mafiga, na nyumba moja katikati. Nje yake mama yangu alikuwa ameketi akichemsha chai, akisubiri nije kumchukua.

"Karibu, kijana yangu," akamwambia afisa kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Keti. Chai iko."

"Asante, mama. Wakazi wako wapi?"

"Watu iko. Lakini hapa hapana iko."

Afisa akanigeukia. Nikamwomba asubiri mpaka alasiri, nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia mwenyekiti wa kamati, ambaye ni adeer yangu, mdogo wake baba.

"Adeer, mko wapi?"

"Nyumbani, alhamdulillahi."

"Nyumbani wapi? Mimi niko nyumbani na simwoni mtu!"

"Aa, tumesogea tu kidogo."

Hakuwa akinitania. Kwetu kijiji ni watu, na watu wakifuata mvua hakuna anayeona kuwa wamehama. Nikamwambia awapakie wanawake kwenye gari la maziwa, waje haraka.

"Wanawake? Wazee je?"

"Nyumba ni za nani, Adeer?"

Nikamsikia akiwaita wanawake. Anajua kwamba kwetu mwanamke ndiye anayeijenga nyumba, ndiye anayeivunja, na ndiye mwenyewe.

Walifika alasiri wakiwa wamejaa vumbi, wakicheka, mitungi ikigongana. Afisa akawaomba wakusanyike mahali pamoja. Hawakumsikiliza. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga yake, akakaa chini pale nyumba yake iliposimama juzi, akamsubiri mgeni. Hakuna anayepokea mgeni kwenye mafiga ya mwenzake. Basi afisa wa watu ikabidi atembee nyumba kwa nyumba bila nyumba, akiinama kusalimia mahali palipokuwa na mlango, na kila mahali akipewa maziwa. Nilifurahi mno kumtazama.

Lakini hakuwa mjinga. Aliporudi kwa mama aliuliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu asubuhi.

"Hawa watu wanahama kila mvua. Hili birika litatumiwa na nani?"

Mimi mwenye mdomo nikaanza kumweleza habari za mifugo.

"Mimi," mama akasema.

"Wewe peke yako?"

"Mimi nabaki, nachunga maji. Hii watu nakwenda, narudi na kiu. Watu narudi kwa nani, kama mimi iko Garissa nalala kwa kitanda?"

Alikuwa akimwambia yeye, lakini neno la kitanda lilinijia mimi. Miaka yote ile nilidhani ninamwokoa na upweke, kumbe yeye ndiye anayewafanya wenzake wawe na mahali pa kurudi. Nilimwonea fahari mpaka nikaona aibu. Afisa akanywa chai yake yote, akapiga picha maboma matupu na wanawake waliokaa ndani yake, akaondoka bila kuahidi kitu.

Ruzuku tuliipata. Wanaume walichimba, wanawake wakasomba mawe na mchanga, na mvua ya kwanza iliyotushukia sisi ililijaza birika mpaka juu. Baadaye mvua ikanyesha kwingine, na kijiji kikapakia, kikaenda. Nikampigia mama simu, kwa mazoea tu, nikiwa nimeshika ufunguo wa chumba cha pili.

"Hooyo, uko peke yako?"

"Niko na maji."

"Nije kukuchukua?"

"Unichukue unipeleke wapi? Nina kazi." Kisha akauliza, "Kile kitanda bado unacho?"

"Ninacho."

"Kipakie kwenye gari la maziwa, ukilete."

"Na ngamia wa kukibeba je?" nikamchokoza.

"Ngamia wa nini?" akasema. "Mimi sihami."