Tepu Nyeusi Niliyomuuzia Moraa

Nilimuuzia rafiki yangu gari bovu nikijua ni bovu. Haya, nimesema! Anayetaka kunitukana aanze sasa, lakini asome mpaka mwisho, maana wengine wenu mmefanya hivi hivi na mmenyamaza.

Nitamwita Moraa. Si jina lake. Nilipojifungua kwa kupasuliwa, yeye ndiye aliyekuwa akitoka Mosocho kuja kuniogeshea mtoto na kufua nepi. Wifi zangu walikuwa wanachungulia tu mlangoni kuuliza kama nimepika. Huyo ndiye niliyemfanyia unyama!

Gari lenyewe mimi pia niliuziwa. Dalali wa Kisii mjini, mdomo mtamu, viatu vinang'aa. Nilikuta injini ishapata joto. "Nimetoka tu kuiwekea mafuta, mama." Akazungusha ufunguo. "Angalia dashibodi. Kuna taa yoyote unaona? Gari ikiwa gonjwa, hapo huwa panawaka kama Krismasi."

Na mimi na cheti changu cha kidato cha nne nikaamini kwamba giza ni afya! Mume wangu alikuwa amenisihi kwa simu niende na fundi. Nilimwambia mimi si mtoto.

Nilikuwa nalibebea ndizi, kutoka huku kwetu Nyamira hadi soko la Keroka. Haikuchukua muda. Kilima kidogo tu, gari linatetemeka, linanguruma bila kusonga, linanuka kama sufuria iliyoungua. Nikalifikisha kwa fundi pale Keroka. Akafungua dashibodi, akaanza kucheka.

"Mama, njoo uone vile ulipigwa."

Kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi wa stima, kilikuwa kimebandikwa juu ya taa ya injini. Alipokibandua, taa ikawaka njano, ikanikodolea jicho.

"Hii imekuwa ikiwaka kitambo," akasema. "Na oili ya giaboksi imeungua. Tena si oili yake, ni ile ya kuokota tu. Ukiweka yake sasa hivi, giaboksi itapona. Ukiendelea kupanda nayo milima, itakufa."

Sikilizeni hapo. Alisema itapona! Sikuambiwa halina dawa. Niliambiwa dawa.

Nikampigia dalali. Simu imezimwa. Nikamwandikia matusi ambayo hata hapa siwezi kuyarudia. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakaziba. Kwa nini nitibu ugonjwa wa mtu mwingine? Nikamwambia fundi:

"Rudisha hiyo tepu."

"Unasema?"

"Mimi nilifanyiwa, na hakuna aliyenionea huruma. Rudisha!"

Akakata tepu mpya, akabandika vizuri kuliko yule wa kwanza. Mshenzi yule hata hakubisha. "Muuzie mtu wa mbali tu," akaniambia.

Mtu wa mbali! Watu wa mbali walikuja na mafundi wao. Mmoja alishika boneti, akauliza mbona ni moto na mimi nimesema gari limelala tangu jana. Nilimfukuza bomani kwangu kama mbwa. Hapo ndipo nilipoelewa: gari hili litanunuliwa tu na mtu anayenipenda.

Moraa akasikia nauza gari, akaja peke yake, amembebea mtoto mkate.

"Fundi wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Wewe! Nikuletee fundi hapa kwako kana kwamba wewe ni mwizi? Majirani watasema nini?"

Ndivyo tulivyo huku. Kwenda kwa mtu wako na fundi ni kumtukana mbele ya watu. Kwa hiyo akaniuliza mwenyewe, mara moja tu, macho kwa macho:

"Niambie ukweli dadangu. Hii gari iko na shida?"

Nikazungusha ufunguo. "Angalia dashibodi. Kuna taa yoyote unaona?"

Maneno ya dalali! Yote, hata ile sauti yake tamu! Nyasae, Mungu wangu, nilijisikia nikiyasema na sikunyamaza.

Moraa akanilipa, akaenda na gari. Siku hiyo alikuwa amemchukua mama yake kutoka kijijini, anampeleka kliniki Kisii, giaboksi ilipokufa kilimani kabla ya Keroka. Mvua inanyesha. Mama mgonjwa alishushwa akakaa kando ya barabara, kichwani amefunikwa gunia, mpaka akapatikana wa kuwavuta. Nao wakavutwa kwa nani? Kwa fundi yule yule. Na mdomo wake hauna breki: "Hii gari naijua. Hii tepu niliweka mimi. Mwenyewe ndiye aliniambia."

Moraa alikuja kwangu kesho yake. Mtoto akamkimbilia, akamshika sketi. Akamtoa mikono polepole, akaniwekea tepu kwenye kiganja.

"Shika kitu yako."

Nikaanza kulia, nikaanza kujitetea, nikamtaja dalali. Pesa yake nilikuwa nimenunulia ng'ombe wa maziwa. Nikamwambia, "Chukua huyu ng'ombe, Moraa. Tafadhali, mfungue uende naye."

Akamtazama ng'ombe kuanzia pembe mpaka mkia. Kisha akanitazama mimi.

"Na huyu naye umemfunika wapi?"

Akaenda. Simu zangu hapokei, na kanisani akiniona anahamia benchi lingine. Bora angenipiga!

Sasa nyinyi mnaotaka magari ya mitumba, fungueni masikio. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Zungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini: taa zote lazima ziwake kwanza, halafu zizime. Ile isiyowaka kabisa ndiyo inayofichwa. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Panda nalo kilima, usizungushwe tu kwenye lami tambarare. Na uende na fundi hata kama anayeuza ni dada yako wa tumbo moja. Akinuna, anune!

Na wewe dalali, najua unakula vizuri. Mola anakuona.

Lakini wewe uliyeshika tepu sasa hivi, unayesema "na mimi nilifanyiwa," nakuambia hivi: huyo atakayekuja bila fundi ndiye mtu pekee uliye naye. Huyu ng'ombe namkamua kila asubuhi. Mtoto anakunywa maziwa, halafu anamuulizia Moraa. Mimi siyanywi.