Siku Wegesa Alipombeba Diwani

Ukimkuta Wegesa sokoni, amekaa nyuma ya karai lake la viazi, hutamgeukia mara mbili. Ni mama wa Kikurya kama wengine, aliyeolewa kutoka Nyanungu kule Tarime akaletwa upande wa Serengeti, akazaa, akafiwa na mume, akabaki na shamba la mtama na ng'ombe wachache. Mrefu, mabega mapana, si mtu wa maneno mengi. Lakini mfuate mtoni asubuhi ambayo mvua imenyesha vilimani na maji ya Nyaisara yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo utajua kwa nini wazee waliompita umri kwa mbali humwamkia shikamoo, na hakuna anayecheka.

Atakuwa amejifunga kanga juu ya bukta ya marehemu mumewe, miguu peku, fimbo ndefu mkononi. Anachuchumaa ukingoni, anageuza mgongo, anasema, "Panda, mwanangu." Kisha anaingia majini na mtu wake mgongoni, anapapasa chini kwa fimbo, hana haraka, na mto unaong'oa miti huko juu unampisha. Hivyo ndivyo wanavyovuka watoto wa shule, wajawazito wanaokwenda zahanati, vikongwe, na hata mwalimu mkuu na begi lake. Wote ni "mwanangu", wawe na umri gani. Mwanaume wa Kikurya aliyekwisha tahiriwa, mwenye mke na boma, kupanda mgongoni kwa mwanamke ni jambo la kutaniwa hadi mavuno, kwa hiyo madume wengi hufika pale wakajifanya wanajua kuogelea. Mto ukishawafunza adabu, hurudi wameloa chapachapa na kusimama kimya kwenye foleni nyuma ya watoto.

Tena pale mtoni watu wameshikilia jambo moja na hawabishani juu yake: mtu uliyembeba mgongoni umekuwa mama yake, na mama hawezi kumwekea kinyongo wala kumtamkia laana mtoto aliyemlaza mgongoni. Ukishabebwa, yaliyopita yamefutika. Ukiwauliza wameitoa wapi imani hiyo watakuambia ndivyo ilivyo, na watakushangaa kwa kuuliza.

Daraja lilikuwepo, msidhani serikali iliwasahau. Lilijengwa enzi za diwani Nathan Kisyeri, kijana wa hapo hapo, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa, aliyewalipia ada watoto wengi na kuhudhuria kila msiba. Alicheza ngoma ya ritungu kwenye uzinduzi hadi koti likachanika kwapani. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, daraja lilianguka lote, ikabaki nguzo moja katikati ya mto, imeinama, chuma kimechomoza ubavuni. Ndipo ikajulikana kwamba mkandarasi alichanganya mchanga na maneno matupu, na kwamba Kisyeri alipokea mlungula ili afumbe macho. Mahakama ikamtia hatiani. Akaenda jela.

Kabla ya yote hayo kujulikana, ile ile wiki ya mafuriko, binti wa Wegesa aliyeitwa Winfrida alikuwa anatoka shule na wenzake. Walijaribu kupita juu ya vipande vya zege vilivyobaki. Wenzake walirudi nyuma, yeye akateleza. Alishika kile chuma cha nguzo, akakishika muda mrefu, wenzake wanalia ukingoni, watu wazima wakakimbilia kamba. Kamba ilipofika, mikono ilikuwa imekwisha choka.

Sasa sikia alichofanya mama huyu, kwa sababu mpaka leo watu wakisimulia huteremsha sauti. Walipomaliza matanga, kesho yake kukiwa bado kuna giza kidogo, Wegesa aliteremka mtoni peke yake na fimbo. Majirani walimfuata mbio wakidhani anakwenda kujitupa. Walimkuta amesimama ndani ya maji hadi mbavuni, anapapasa, anatafuta njia penye mwamba. Watoto wa shule walipofika, alichuchumaa. Wakubwa wakasimama pale midomo wazi, wakaona mwanamke ambaye jana alikuwa anagaagaa kaburini akiwavusha watoto wa watu mmoja baada ya mwingine kupita nguzo iliyomwua wa kwake. Tangu siku hiyo hajaacha. Baadaye alipata mwenzake, Masele, Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu huko Kemambo, shimo likamtoa mikono mitupu, akabaki mtoni kubeba magunia na baiskeli. Masele humwita mayu, yaani mama kwa lugha yao, na humwogopa kwa namna mtu anavyoogopa kanisa.

Kisyeri alitoka jela amekonda. Alilima, alikwenda kanisani, alikaa kimya miaka ile ambayo sheria inamzuia mtu wa aina yake kugombea. Miaka ilipoisha, akachukua fomu ya udiwani, na chama kikampitisha. Kata nzima ikagawanyika. Hata mashine ya kusaga ilikuwa na kelele mbili, ya injini na ya wanawake. Rhobi, jirani yake Wegesa, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa upande wa msamaha.

"Mtu amefungwa, amelala na chawa, ametubu mbele ya padri," alisema siku moja, mikono imejaa unga. "Mnataka alipe na nini tena? Hawa wengine nao wanakula, ila hawajakamatwa. Angalau huyu tunamjua."

"Mwizi aliyekuibia kuku akirudi, unamsalimia," mama mwingine akamjibu. "Humpi kulinda banda."

Wote wakamgeukia Wegesa. Alikuwa anafunga mdomo wa gunia lake. Akalifunga, akalitwika, akaondoka. Basi kila upande ukadai yuko upande wake. Lakini kila mtu alijua kwamba neno la mama huyo ndilo litakaloamua, na aliyelijua zaidi ya wote ni Kisyeri mwenyewe.

Mkutano wake mkubwa wa kampeni ulipangwa ng'ambo, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Alifika ukingoni na msafara wa bodaboda, vijana wamevaa kofia za chama, mmoja amebeba spika kichwani. Masele akajitokeza haraka, akavua shati.

"Mheshimiwa, twende. Mimi nitakuvusha."

Kisyeri akamshukuru, akampita. Akatembea hadi pale Wegesa alipokuwa anakamua kanga yake baada ya kuvusha watoto. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba unibebe wewe."

Wale wa ng'ambo waliokuwa wanaimba wakaukata wimbo, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameshaelewa na kuwanong'oneza wenzake. Hakuna aliyewahi kusikia ombi kama lile. Kama angekataa, ingekuwa yeye ndiye mwenye moyo mgumu, mama aliyemnyima mtu aliyetubu. Kama angekubali, basi kwa imani yao yamekwisha, na nani tena angethubutu kumnyima kura mtu aliyebebwa na mama yake Winfrida? Kisyeri alikuwa amewaza vizuri. Labda alikuwa anaomba kweli, labda alikuwa anafanya kampeni, na mimi naamini vyote viwili vilikuwa ndani yake kwa pamoja.

Wegesa alimtazama hadi Kisyeri akaangalia chini. Alikuwa amembeba kila mtu wa kata hii isipokuwa huyu. Mara nyingi usiku alikuwa amejiuliza atafanya nini mto ukimleta, na sasa mto umemleta. Akageuka. Akachuchumaa.

"Panda, mwanangu."

Masele alijifunika uso.

Waliingia majini. Kisyeri hakuwa mzito kama zamani, na hilo lilimshangaza Wegesa, kwamba mtu aliyemlalia moyoni uzito wote ule miaka yote ana mifupa myepesi hivi. Maji yakafika kiunoni, yakafika mbavuni. Walipofika kwenye nguzo, Wegesa akasimama.

Watu wa kingo zote mbili waliona amesimama. Kisyeri akaikaza mikono shingoni mwake.

"Mama, mbona umesimama?"

"Nataka uone."

"Naona nguzo, mama."

"Ona hicho chuma. Winfrida alishika hapo. Alishika mpaka mikono ikachoka."

Maji yalikuwa yanapiga kelele, hakuna mwingine aliyesikia. Mgongo wa mama unajua mtoto analia kabla masikio hayajasikia, na Wegesa alimjua Kisyeri amelia kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa kinagonga mgongoni mwake. Halikuwa jambo la kuigiza. Mtu haigizi akiwa katikati ya mto na shingo aliyoishikilia ni ya huyo aliyemwumiza.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe ukiwa bado jela. Kile kinyongo kilikuwa kinanila mimi, si wewe."

Akaendelea kutembea. Watu waliokuwa wanatazama waliniambia kwamba nywele ziliwasimama, na wanaume wazima walijikuta wamevua kofia bila kujua wamevua saa ngapi. Mama mwenye mauti ya mtoto wake kifuani alikuwa anamleta kwao mtu aliyeyasababisha, mzima, mkavu kuanzia kiunoni kwenda juu.

Ng'ambo kukalipuka vigelegele. Mama amesamehe. Spika ya jukwaani ikawashwa, wimbo ukaanza, wapambe wakateremka mbio hadi kwenye tope. Jukwaa lilikuwa tela la trekta, si mbali na maji.

"Usimshushe, mama," mpambe mmoja akasema. "Mpeleke hivyo hivyo hadi jukwaani."

Wegesa akatoka majini, akasimama pale pale yalipoishia.

"Shuka, mwanangu."

Kisyeri hakushuka. Machozi yalikuwa bado yamo shavuni, lakini alikwisha usikia wimbo na jina lake ndani yake. Akamwinamia sikioni.

"Mama, ni hapo tu. Watu waone."

Wegesa akaachia mikono. Diwani wa zamani akateleza mgongoni taratibu, viatu vyake vizuri vikazama kwenye tope. Wimbo ukaendelea kidogo, ukafa wenyewe.

Mwenye kipaza sauti hakuwa mtu wa kusoma dalili. Akamsogezea Wegesa. "Mama, waambie watu kwamba umemsamehe."

Hakuwahi kushika kitu kile maishani. Akakishika mbali na mdomo, kama mtu aliyepewa nyoka.

"Nimemsamehe," akasema. "Huyu ni mwanangu sasa. Akiugua nitakwenda kumwona, akifa nitamlilia. Kilichokuwa changu ni kifo cha Winfrida, na hicho nimesamehe. Lile daraja halikuwa langu. Lilikuwa la watoto wenu, siwezi kulisamehe kwa niaba yao. Na sitampa lingine alijenge."

Akarudisha kipaza sauti, akaingia tena majini, kwa sababu upande wa pili mama mjamzito alikuwa anamsubiri.

Watu walibaki pale wamepigwa na butwaa. Miaka yote walikuwa wanajua kwamba ukishambeba mtu yamekwisha, na hawakuwahi kujiuliza ni yapi yanayokwisha. Rhobi alikaa chini kwenye nyasi na kitenge chake kipya cha kampeni. Kisyeri alihutubia, ndiyo, kazi ilikuwa lazima ifanyike, lakini waliomsikiliza walikuwa wanatazama nyuma yake, kwenye mto.

Alishindwa. Hakushindwa kwa mbali, maana wapo wengi waliompa kura na mpaka leo wanagombana mashineni kwamba Wegesa alikosea, kwamba msamaha nusu si msamaha. Rhobi hasemi alimpa nani. Aliyeshinda ni mtu wa kawaida tu, na daraja bado halijajengwa, na watu wameanza kumwuliza.

Asubuhi baada ya matokeo, Kisyeri aliteremka mtoni. Hakuwa na bodaboda wala kofia, na hakuna aliyekuwa na simu ya kumpiga picha. Alikuwa amekunja suruali hadi mapajani, miguu yake myeupe kwa kutozoea jua. Masele alimwona akaacha gunia lianguke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasimama pale, hajui aweke mikono wapi. Wegesa akamtazama, kisha akaelekeza midomo kwa mtoto wa kike aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, mdogo, amevaa sweta ya shule yenye kiwiko kilichotoboka. Kisyeri akachuchumaa. Mtoto akamwangalia Wegesa, Wegesa akatikisa kichwa kumkubalia, mtoto akapanda.

Wakaingia majini, Kisyeri akiyumba, akipapasa kwa fimbo aliyoazimwa na Masele, na Wegesa akitembea ubavuni mwake upande wa chini maji yanakoelekea. Walipoifikia nguzo Kisyeri aligeuza uso, akapita akiitazama, akaendelea. Na njia nzima, kutoka ukingo huu hadi ule, mkono wa Wegesa ulikuwa umeshika sweta ya yule mtoto.