Mnavu wa Barabara ya Warumi

Nitaeleza mwenyewe, maana nimesikia wanawake wa kanisani hapa Richfield wanavyoisimulia na kuitia chumvi, na aibu ikiwa ni yako ni afadhali uipakue kwa mkono wako.

Tulikuwa tunatoka Tanzania kurudi Minnesota, ndege ikatulaza Roma, mwanangu Elia akakodi gari atutembeze mimi na mjukuu wangu Rehema kwenye barabara ya Warumi wa kale, mawe makubwa meusi yamepangwa kama migongo ya kobe na mikokoteni ya zamani imeyachimba mifereji, gari linaruka mpaka meno yanagongana. Elia alieleza kila gofu tulilopita, Rehema akipiga video, nami (shule sikukaa sana, na usingizi wa ndege ulinishika) nikasikia nusu. Tukasimama ninyooshe miguu karibu na jengo moja la mviringo, nene, halina dirisha. Nikajua ni ghala la nafaka. Chini ya ukuta wake, mnavu. Umestawi, majani mapana, vitunda vyeusi. Nikavichuma, nikavifunga kwenye leso, leso nikaitia kifuani, sikumwambia mtu.

Kiangazi kilichofuata mnavu ukajaa nyuma ya nyumba. Ndipo wakaja Mzee Zakaria na mkewe, Mama Tabitha, kutoka Saint Paul, kumposa Rehema kwa ajili ya kijana wao. Rehema alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa hofu. Kwetu neno halisemwi kabla ya chakula, basi nikaandaa ugali, kuku, na mnavu wa karanga. Mzee Zakaria akala tonge la kwanza, akafumba macho.

"Bibi, mnavu kama huu umeupata wapi Marekani?"

Ningesema bustanini nikanyamaza, yangeishia hapo. Lakini sifa tamu.

"Mbegu nimezitoa Roma kwa mkono wangu. Elia, weka ule mkanda aliopiga Rehema, mzee aone shamba lenyewe."

"Mama, runinga imeharibika."

"Jana ulipotazama mpira ilikuwa nzima. Weka."

Rehema akanikanyaga mguu chini ya meza, nikamwambia akae kama mtu anayeposwa.

Mkanda ukaanza. Mawe, misonobari, kuta zilizobomoka, kisha lile ghala langu, na nyuma yake yakatokea makalio yaliyofungwa kitenge cha kijani, ambacho wote walikitambua kwa sababu ndicho nilichovaa siku hiyo ya posa. Sauti ya Elia ikasikika ndani ya mkanda: "Haya yote kandokando ni makaburi, Warumi walizika watu wao njiani. Hili la tajiri mmoja. Na huyo ni bibi yako, anachuma mboga za marehemu. Usimwambie, atatuua." Halafu vicheko vyao wawili.

Sebuleni hakucheka mtu. Kwetu hata jani la kufungia mzigo halichumwi kaburini, nami nimelisha wakwe, na mwenyewe nimekula kiangazi chote nikishushia kwa uji. Mzee Zakaria akarudisha tonge sahanini, akanawa, akasimama, akamtazama mkewe kama mtu anayeulizia koti lake. Rehema machozi yakamtiririka bila sauti.

Mama Tabitha peke yake hakuacha kula.

"Elia, hao walikufa lini?"

"Wengine kabla Yesu hajazaliwa, mama."

"Basi matanga yao yameshaanuliwa," akasema, akachota tena mnavu. "Mzee, keti. Tumefuata binti hapa, hatukufuata mboga."

Akaketi. Posa ikapokelewa, na Mama Tabitha akaniomba mbegu mlangoni akiondoka.

Rehema ameshaolewa, nami nimeapa sichumi hata jani kabla sijauliza mwenye mji ni nani. Kiapo hakijanisaidia. Kila nikipeleka mboga Saint Paul, Mzee Zakaria hufunua chungu kwanza, huvua kofia, huinamisha kichwa: "Bibi, leo tumekaribishwa na marehemu gani?"