Paka Aliyerudi Kutoka Chunya

Miaka michache kabla ya Uhuru, wifi yangu alirudi kwao Iyunga akiwa mjane. Mumewe alikuwa amefukiwa na udongo katika shimo la dhahabu huko Chunya. Alishuka kwenye lori akiwa amebeba tenga la kuku, na ndani ya tenga alikuwamo paka dume wa kijivu.

Paka huyo alizaliwa jikoni kwetu. Wifi alipoolewa alikwenda naye, maana nyumba za machimboni zilijaa panya. Nyumbani tukabaki na mama yake paka na dada yake, walinzi wa mahindi yetu. Kwa asiyeyajua majiko ya wakati ule, mahindi ya mwaka mzima tuliyapanga kwenye dari ya fito juu ya mafiga, moshi ukayakausha na kufukuza wadudu. Panya moshi hauwasumbui. Bila paka, tungefika wakati wa kupalilia tukiwa na magunzi matupu.

Desturi yetu ilikuwa kwamba anayetoka msibani huoga kabla ya kuingia ndani. Mama mkwe alimwekea binti yake maji nyuma ya nyumba. Binti alipomaliza kuoga, mama mkwe akamgeukia paka.

“Na huyu katoka kwenye msiba uleule,” akasema. Akamtia kwenye beseni, akamsugua kwa sabuni ya mche. Hakuna aliyempinga. Kwetu ilikuwa heshima kwa marehemu.

Tulipomwachia jikoni, mama yake alimsogelea, akamnusa, manyoya yakamsimama. Kisha akamrukia. Dada mtu naye akaingia. Tulipofaulu kuwaachanisha, yule mgeni alikuwa amechanika sikio, na mama yao ametoka kupitia upenyo wa paa na kwenda zake. Kesho yake hakuonekana. Panya wakaanza kupita darini hata mchana.

“Mwanangu, nakuonea huruma,” mama mkwe akamwambia wifi, “lakini nyumba hii ina watu wa kula. Huyu tumpeleke Mbalizi kwa shangazi yako, mama yake apate kurudi.”

Wifi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. “Basi mtupeleke wote wawili.”

“Usiseme hivyo.”

“Nimeshasema, mama. Kule Chunya tulikuwa watatu ndani ya nyumba. Nimebaki na huyu.”

Nikaomba nipewe nafasi ya kujaribu. Nyumbani kwetu Iringa nilimwona mama yangu akimpa kondoo jike mwana asiye wake. Kwanza alimpaka yule mtoto harufu ya jike, ndipo akampeleka kunyonya. Nikawaeleza wenzangu kwamba paka naye hutambua ndugu kwa pua. Huyu wetu alikuja na harufu ya Chunya, nasi tukamwongezea ya sabuni. Mama yake angemjuaje?

“Kumbe, mama,” wifi akasema, “ulimsugua kama sufuria mpaka ukamtoa na ukoo.”

“Sufuria huwa haining’ati,” mama mkwe akajibu, akionyesha kidole chake.

Tangu wifi arudi, ulikuwa utani wake wa kwanza.

Tulimrudisha paka kwenye tenga, tukalitundika karibu na mafiga ili anuke moshi kama wenzake. Chini yake tukatandika gunia alilolalia mama yake, na kitambaa alicholalia yeye tukakiweka pale mama alipozoea kulala. Njaa ilipomrudisha yule paka mzee, tukaanza kuwalisha pande mbili za mlango wa matete, ugali uliolowekwa kwenye maziwa, bakuli zikiwa mbali. Kila walipotulia tulizisogeza kidogo. Ukiwa na paka wa namna hii, usivunjike moyo wala usiwapige wakifoka. Rudisha bakuli nyuma, jaribu tena kesho. Hawana ubaya, wanaogopa tu.

Wifi alikaa pale mlangoni kila mlo akiwaangalia. Kwa kuwa alikuwa hapo, nilimpelekea chakula chake hapo, na yeye aliyekuwa akirudisha sahani ikiwa imejaa akaanza kula.

Asubuhi moja ya mvua tuliufungua mlango. Yule mzee akamnusa mwanawe kuanzia puani mpaka kwenye sikio lililochanika, taratibu sana. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mzee akampiga kofi moja bila kutoa kucha, akageuka, akapanda darini. Dume akasimama kidogo, akitazama juu. Kisha akamfuata, na dada yake nyuma yake. Tukasikia mahindi yakisogea, halafu mlio mfupi wa panya.

“Haya,” mama mkwe akasema. “Hakuna wa kwenda Mbalizi.”

Ndipo wifi akalia, kilio ambacho hakuwa amelia mbele yetu tangu aje. Mama yake hakumnyamazisha. Alisogeza kigoda, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza.