Mbuzi Ndani ya Taa

Wamemzika jana huko Kinna, na mimi habari nimeipata leo sokoni, kwa mama muuza maziwa. "Yule mwalimu wenu wa mbuzi ametutoka," akaniambia. Mwalimu wa mbuzi! Hata kaburini wamemfuata na jina hilo. Basi, wasomaji wangu, leo msinitarajie niwe mpole.

Miaka ya sabini tulifundisha pamoja katika shule moja ya msingi hapa Isiolo. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa lake la tatu, nikisahihisha madaftari. Aliwasha kandili mezani, akawaambia watoto kwamba nishati ya mwanga haimiminiki kama maziwa. Hutoka kwa vipande vizima vizima, vidogo mno hata jicho halioni kimoja kimoja. "Ni kama mbuzi wakitoka bomani. Atatoka mmoja, watatoka mia. Nusu mbuzi mshawahi kuona akitoka?" Msichana mmoja wa Kiborana akanyoosha mkono: "Na yule ako kwa tumbo, mwalimu?" "Huyo bado hajatoka!" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi mwenye cheti cha sayansi ndiyo siku niliyoelewa.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi. Akamuuliza msichana yuleyule taa hutoa nini. Mtoto akasimama wima: "Mbuzi, bwana. Lakini hawaonekani." Loo! Mtu mwenye akili angecheka, kisha angeuliza. Huyu akatoa kalamu, akaandika kwamba mwalimu anafunza watoto ushirikina. "Bwana, keti nikueleze," mwenzangu akamsihi. "Na huyu alikuwepo, muulize." Mkaguzi akanigeukia. Nilikumbuka kila neno. Nikasema, "Sikuwa nasikiliza, bwana."

Akanyang'anywa somo la sayansi, akapewa kufundisha ushonaji mpaka akastaafu. Hakunilaumu hata siku moja. Kila asubuhi alinisalimia, "Salaam aleikum," nami nikaitikia nikiangalia viatu vyangu.

Halafu leo tunakaa mikutanoni kulalamika eti watoto wa wafugaji hawawezi sayansi. Hawawezi nini? Waliiweza wakiwa darasa la tatu, tukawafungia mlango! Mkaguzi alikuwa mjinga, na mjinga hufundishika. Mimi nilikuwa najua. Wewe mwalimu unayesoma haya, ukiulizwa juu ya mwenzako, sema ulichosikia, na ukiseme siku hiyohiyo. Mimi nimekisema leo, naye hasikii.